Kilwa ya Mlango wa Uani

Kilwa Kivinje, 12 Mfungo Tano 1326

Kwa babu yangu Likwata bin Yunusu, Lindi.

Shikamoo babu. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitako, umekwisha kunywa uji wako na hakuna aliyekuudhi tangu asubuhi. Mimi ni mzima wa mwili. Mume wangu Ismaili ni mzima, naye amekwenda bara upande wa Kipatimu kutafuta nta ya kununua. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaheri, anakusalimu sana. Nisalimie baba na mama, na baba mdogo Abdala, umwambie paka wangu asinyimwe vichwa vya samaki.

Sasa babu, nakuambia lililonifanya nishike kalamu. Nimechoka na Kilwa. Huu ni mwezi wa tatu tangu arusi, na mji huu naujua kwa masikio tu. Namsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, nasikia ngoma, nasikia tarumbeta la askari kule bomani. Kutoka sitoki. Si kwamba nimekatazwa. Bi Mwanaheri kila siku huniambia, "Toka mwanangu, ukanyooshe miguu," lakini nikifika mlangoni sijui niende kulia au kushoto, wala nikiulizwa nakwenda wapi niseme nini. Juzi nilijikaza nikafika mpaka kwenye pembe ya nyumba, kisha nikarudi nikasema nimesahau ukaya wangu. Ukaya ulikuwa kichwani.

Nakuomba umtume baba mdogo Abdala aje anichukue kabla ya Ramadhani. Nitasema nakuja kukuuguza. Wewe ujifanye mgonjwa kidogo, kikohozi kitatosha. Nikishafika Lindi, kurudi huku tutazungumza.

Mimi mjukuu wako, na yale mengine unayoniita,
Mwahija binti Abdulrahmani


Lindi, 9 Mfungo Sita 1326

Kwa mke wangu mdogo Mwahija, aliyeibwa na muuza nta.

Marahaba, tena marahaba. Sisi huku hatujambo. Mama yako alisumbuliwa na jino, likang'olewa, sasa anasumbua yeye. Shamba la Kilangala tumelipanda mihogo tena na imeshika vizuri, alhamdulillahi. Mwaka juzi pale palikuwa majani matupu, na watu wakila mizizi ya porini. Paka wako amenenepa mpaka hawezi kukamata panya.

Nimeisoma barua yako nikaikunja nikaiweka chini ya mto ili mama yako asiione. Wewe unajua kwamba mimi nilikuoa siku ile ile uliyozaliwa, kwa kipande cha kaniki, mbele ya mashahidi. Halafu akaja mwanamume wa Kilwa ana meno yote kinywani, nikanyang'anywa mchana kweupe. Leo unasema unarudi. Nikatae nina wazimu? Lakini sitaki mke anayerudi hajui alikotoka. Watu wa Lindi wataniuliza, mkeo ameionaje Kilwa? Uwaambie umeona kuta? Utanitia aibu.

Basi kabla sijamtuma Abdala, nenda ukale halwa. Usitokee mlango wa mbele, tokea wa uani. Ulizia kisima wanachoteka wanawake, kile ambacho ukingo wake umeliwa na kamba. Ukikipa mgongo utaona kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kifuate, upite mkomamanga, na mwisho wake utakuta dirisha dogo liko chini. Hilo ni jiko la mpika halwa. Gonga kwa ukucha, ukiulizwa nani useme "wenyewe." Mke wa mpishi atakupa ukoko wa sufuria juu ya jani la mgomba, ungali wa moto. Ile inayouzwa barazani katika vikanda ni ya wanaume na wageni, imeshapoa na haina maana. Iliki yote huzama, na wanaokula iliki ni wale wa dirishani. Ule umesimama, umegeukia ukuta, mtu asikuone unatafuna njiani.

Ukishakula, niandikie. Abdala nimemwambia asiende mbali.

Mume wako wa kwanza,
Likwata bin Yunusu


Kilwa Kivinje, 2 Mfungo Saba 1326

Kwa babu yangu mpenzi, mwenye wivu.

Shikamoo babu. Mpe mama pole ya jino. Huku mvua zimetushika, nyumba inavuja upande wa jikoni, lakini sote ni wazima. Ismaili amerudi kutoka bara na nta kidogo sana. Anasema huko milimani amepita vijiji ambavyo nyumba zake hazina paa wala watu, tangu vita ile ya maji. Nilimpa chakula akala.

Babu, nimekwenda. Nilitokea uani kama ulivyosema, nikakiona kisima na alama za kamba kwenye ukingo, nikatia kidole katika moja kikazama chote. Mkomamanga haupo tena, limebaki gogo na mbuzi amefungwa hapo. Dirisha lipo. Nilisimama mbele yake nikaogopa, nikataka kurudi. Halafu nikafikiri, nikirudi babu hatamtuma Abdala. Nikagonga.

Sauti ikauliza nani, nikasema wenyewe. Dirisha likafunguliwa upesi, akanitazama mwanamke mnene, mkwe wa yule mpishi wa zamani. Akaniuliza, "Wewe mgeni, nani kakuonyesha dirisha hili?" Nikamwambia ni babu yangu. Akasema, "Babu yako?" akacheka mpaka akashika ukuta. Sikujua kinachomchekesha. Lakini alinipa ukoko, babu, na ulikuwa wa moto kama ulivyosema, na iliki ikanipanda puani.

Mwingine nilimpelekea Bi Mwanaheri. Akaula hata akalamba jani, akaniambia hajauonja tangu alipokuwa mwari. Tangu siku hiyo mama mkwe yule aliyekuwa haniambii zaidi ya "umeamkaje" na "toka ukanyooshe miguu" hanyamazi tena. Ninajua sasa majirani wote na magonjwa yao.

Basi mimi nimetimiza. Mtume Abdala.

Mwahija


Lindi, 5 Mfungo Nane 1326

Kwa mke wangu Mwahija, mla ukoko.

Marahaba. Tumeipata barua yako imelowa, herufi nyingine nimezisoma kwa kukisia. Mkomamanga kukatwa kumeniuma kuliko ulivyodhani. Abdala amekwenda Kilangala kufukuza nguruwe wa mwitu, akirudi nitasema naye.

Lakini mke harudi mikono mitupu. Mletee mama yako kanga, na unisikilize vizuri jinsi ya kuinunua. Zile zilizotundikwa barazani kwa Wahindi ni za wapita njia. Ingia ndani, vua viatu, kaa mkekani, uulizie hali ya mke wa mwenye duka. Nguo usizitaje. Ukizitaja tu umekwisha, utaletewa zile zile za barazani. Mkewe atakuja mwenyewe, mtazungumza watoto na homa na bei ya samli, na mkishachoka atafungua sanduku lake la ndani. Za kweli zimo humo.

Ukimaliza, umuombe Bi Mwanaheri akupeleke kwa watu wenye nyumba ya ghorofa, mpande darini. Pale juu mji mzima uko chini yako, mikoko, vyombo bandarini, paa za makuti na za mawe. Uzuri zaidi, utaona vipara vya wazee wote waliokaa barazani wakijidhania watu wakubwa. Wanaume wa Kilwa hawajui kwamba wanatazamwa.

Na Ijumaa baada ya alasiri, lelemama ikichezwa, usisimame uwanjani na watu wa kutazama. Nenda nyumba wanayovalia. Uwanjani wanacheza taratibu na nyuso wamezituliza, lakini kule ndani ndiko kuna raha. Mmoja anakataa kufanana na mwenzake, mwingine amesahau mkufu, mwingine anapakwa dalia ya manukato huku analia kwamba mumewe hakumnunulia viatu. Ukicheka watakupokea. Hawampendi mtu anayeingia na uso wa msiba.

Likwata bin Yunusu,
ambaye hajakusamehe kuolewa


Kilwa Kivinje, 27 Mfungo Nane 1326

Kwa babu yangu.

Shikamoo. Sote hatujambo. Paa limezibwa. Ismaili amepata mnunuzi mzuri wa nta na sasa anapiga mluzi, jambo linalomuudhi mama yake.

Ninakuletea kanga ya mama kwa mkono wa nahodha anayekuja Lindi. Nilifanya kama ulivyonifundisha. Tulizungumza mpaka nikasahau nimefuata nini, na mke wa Mhindi alipofungua sanduku nilijizuia nisishangae. Bi Mwanaheri anasema yeye miaka yote ananunua barazani, na amekasirika nusu siku.

Darini tulipanda pia. Vipara ni vingi kweli, babu. Nilimuona Ismaili chini amekaa na wazee, anatikisa kichwa kama mwenye hekima, na huku kwa mkono wa nyuma anajikuna. Nilicheka hata Bi Mwanaheri akanivuta ukaya.

Na lelemama nimekwenda. Mara ya kwanza nilikaa pembeni. Mara ya pili nilipaka watu dalia. Ijumaa iliyopita waliniweka mwisho wa safu, mikono yangu inachelewa lakini wanasema itakuja. Anayetuongoza nyimbo ni bibi kizee, Bi Kijakazi, sauti yake imepasuka lakini hakosei. Aliniuliza mimi mjukuu wa nani. Nikasema wa Likwata bin Yunusu wa Lindi, anayeijua Kilwa kama kiganja chake. Akafikiri, akasema hamjui. Nikasema labda wanaume watamjua. Ismaili akawauliza wazee wa barazani, na hakuna hata mmoja anayekukumbuka.

Basi tuambie, babu, ulikuwa ukiswali msikiti gani? Kahawa ulikunywa kwenye baraza ya nani? Ismaili anataka kuwapelekea salamu zako rafiki zako kabla hawajafa wote.

Kama kuna mtu anayekuja huku, nipatie mabungo. Ya hapa si makali ya kutosha.

Mwahija


Lindi, 8 Rajabu 1326

Kwa Mwahija, mke wangu.

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, nilikuwa Kilangala. Mihogo tumeanza kuing'oa, na nimeona watu wa kule wakicheka wakiwa shambani, kitu ambacho sikukisikia kwa muda mrefu. Kanga imefika. Mama yako ameivaa, akaivua, akaificha, anasema ni ya Idi.

Mabungo hayo kikapu kizima, ameyachuma Abdala. Mwanamke wa Kilwa anataka mabungo makali ya nini? Usinijibu. Mama yako alipoisikia habari hiyo alitoa kitambaa cheupe sandukuni akaanza kukata nguo ndogo ndogo. Sikumuuliza ni za nani.

Wazee wa barazani uwaache wapumzike. Umri ukienda majina hupotea, yao na yangu.

Nimeona safari hii hukumtaja Abdala, umetaja mabungo tu. Nimfungie mzigo, au nisimfungie?

Likwata


Kilwa Kivinje, 1 Mlisho 1326

Kwa babu yangu mpenzi.

Shikamoo babu. Mabungo yamefika, nimeyala mengi nikaumwa tumbo, sasa ni mzima. Mwambie mama aendelee kukata. Bi Mwanaheri amekwisha kunizuia kuteka maji, anateka mwenyewe na kulalamika kisha nikimpokea ndoo ananifukuza.

Babu, umejibu habari ya mabungo na habari ya kanga, msikiti hukujibu. Nikakaa nikazifikiria barua zako. Umenituma kwenye kisima cha wanawake, na kwenye dirisha la wanawake. Dukani umenipeleka ndani kwa mke wa Mhindi. Unajua wanavyogombana wanaovalia lelemama, mahali ambapo mwanamume akichungulia atatolewa kwa mchi. Lakini hujanitajia hata siku moja baraza uliyokaa, wala msikiti, wala soko la samaki, wala mtu mmoja wa kiume isipokuwa vipara, navyo umevitazama kutokea darini. Nikaelewa kwa nini yule mwanamke wa dirishani alicheka.

Nikarudi kwa Bi Kijakazi. Safari hii nikamwambia, bibi yangu aliyezaliwa huku Kilwa aliitwa Sada binti Huseni. Akakaa chini hapo hapo. Akasema, "Sada alikuwa akisimama kushoto kwangu." Akaniambia walivyomvalisha siku ya arusi, na bwana arusi hakuwapo, aliwakilishwa, kisha bibi akapandishwa chombo pamoja na somo wake, mwanamke aliyemfunda, kupelekwa Lindi. Akasema, "Mumewe hatujamuona mpaka leo. Tulimngoja amlete kututembelea, tukachoka." Mahali pa kushoto kwake, babu, ndipo waliponiweka mimi kabla hawajajua. Mwisho wa safu ni pale.

Babu, wewe hujafika Kilwa.

Sina hasira, usidhani. Nimelia kidogo, lakini siku hizi nalia hata kitunguu kikiiva. Nataka tu kusema kwamba mji wako ni wa kweli. Kasoro ni mkomamanga.

Abdala usimtume aje kunichukua. Hapa nimekwisha kuzoea, na Ijumaa nikikosa wananiulizia. Mtume akulete wewe. Njoo tufunge Ramadhani pamoja. Bi Mwanaheri amekwisha kukutengea chumba na anataka kukugombeza kwa mambo ya kanga. Ismaili atakupeleka barazani na msikitini, ujue hata huko kulivyo. Na Bi Kijakazi anasema uje kabla sauti yake haijaisha kabisa.

Mjukuu wako, na mke wako,
Mwahija


Lindi, 19 Mlisho 1326

Kwa Mwahija binti Abdulrahmani, aliyenivua nguo hadharani.

Marahaba. Wote hapa wazima, na wote wamejua, maana niliisoma barua yako kwa sauti nikiwa sijui kilichomo mbele. Abdala alitoka nje kucheka.

Ni kweli. Sijafika. Bibi yako aliletwa hapa, kijana kama wewe, na mwaka wa kwanza wote alilia. Alisema Lindi haina mahali pa kwenda. Nilimnunulia vitu, akalia. Nikamletea halwa ya hapa, akaionja akalia zaidi. Siku moja baada ya alasiri nikamwambia, basi mimi ndiye mgeni, nitembeze mji wako. Akafuta macho, akaniambia nivae viatu. Nikavaa. Tukakaa mkekani pale pale ukumbini, tukatokea mlango wa uani, na siku hiyo tulifika kisimani tu, maana alinisimulia kila mtu aliyekuwa akiteka. Kesho yake tukaendelea mbele. Tulitembea hivyo miaka mingi, watoto wakilala, na watu wa nyumbani wakashangaa mwanamume huyu anavaa viatu ndani. Akaacha kulia bila mimi kujua aliacha lini. Nilidhani dawa iliyomfaa yeye itakufaa na wewe.

Kila mwaka tulisema mwakani tutakwenda. Zikaja kazi, ikaja vita, njia zikafungwa, ikaja njaa, naye akaondoka katika njaa hiyo. Baada ya hapo sikutaka kuuona mji ambao hayumo wa kuniongoza. Ulipoposwa wewe na mtu wa Kilwa, mama yako alisema ni mbali. Mimi ndiye niliyesema mpeni. Nilimpenda sana Sada, na nilitaka mmoja wetu arudi.

Barua yako imenifurahisha mno, mpaka nimeshindwa kula. Abdala anafunga mzigo tangu jana, lakini ni wangu. Tunapanda meli ijayo ya pwani, inshallah tutafika kabla mwezi haujaandama. Mama yako analeta nguo zake ndogo mwenyewe, hakuna aliyeweza kumzuia.

Msikitini nitakwenda, na barazani nitakaa, Ismaili asiwe na wasiwasi. Ila siku ya kufika aje anipokee forodhani kisha anizungushe nyuma. Wewe uningoje kisimani. Nyumba za Kilwa mimi sijui kuziingia kwa mbele.

Mume wako wa kwanza,
Likwata bin Yunusu